Kilima Ambacho Sixten Hakukipanda

Injini ilipowaka, Birger Åström hakushangilia. Alisimama katikati ya gereji yake, mkono wa kushoto kautia mfukoni ili usionekane unavyotetemeka, akasikiliza kidogo tu, kisha akaizima.

"Haya, mchukue mtoto wako," akasema. "Lakini nisikilize vizuri, Sixten, maana nakujua. Usimdekeze."

"Mimi nimdekeze?" Sixten Hägglund akajitia kushangaa.

"Wewe hapo. Wewe unayepiga pasi hata soksi."

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu baba yake Sixten, Volvo nyekundu ya mgongo mrefu, yenye turbo, ambayo mzee aliiendesha mpaka injini ikamfia njiani. Lilikaa chini ya turubai majira kadhaa ya baridi kabla Birger hajasema, lete hapa nilifumue. Lakini si huruma iliyomfanya aseme hivyo. Tangu apate kiharusi mwaka uliopita, Birger hakuwa ameunda injini hata moja, na katika chama cha wapenda magari cha Viksele, kule juu kaskazini ya Uswidi, watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mikono ya Birger ndiyo basi tena. Hakuna aliyemwambia usoni. Kule watu hawaambiani mambo usoni, wakizidiwa sana huzungumza habari za mvua. Ila Birger hakuwa mtoto, aliona jinsi wenzake walivyoanza kupeleka injini zao kwingine. Injini ya Sixten ndiyo ilikuwa mtihani wake, na Sixten alilijua hilo kama alivyolijua jina lake mwenyewe.

"Ukitoka hapa, nenda moja kwa moja mpaka Tallberget," Birger akaendelea. "Panda kile kilima kwa gia ya tatu. Kanyaga mafuta mpaka nusu, iache ivute. Ukifika juu toa mguu, shuka na gia ile ile, injini ndiyo ilizuie gari. Geuza, panda tena. Na tena. Turbo isikutishe, presha yake nimeifunga chini kabisa. Usiiweke uani inaunguruma bure. Na oili niliyotia humo ni ya kawaida, haina utelezi mwingi. Usiiguse mpaka nikwambie."

"Mbona kama unataka kuiua?"

"Nataka iishi. Sikiliza. Kuta za silinda nimezikwaruza makusudi, ringi mpya za pistoni zipate pa kujisugua mpaka zikae. Ni kisu na jiwe la kunolea. Usipokandamiza, hakuna kinachonoleka. Ukienda mdogo mdogo kama unabeba mayai, ile mikwaruzo itafutika, ukuta utang'aa kama kioo, na ringi hazitashika tena abadani. Hapo itakula oili mpaka ukome. Umenielewa?"

Sixten akavuta pumzi ndani kwa ghafla, midomo kaibana, ikatoa mlio mdogo kama wa mtu anayefyonza supu ya moto. Ndivyo wanavyoitikia ndiyo watu wa huko, na wenyewe huona inatosha.

Akaenda Tallberget, tusimsingizie. Alifika chini ya kilima, akatia gia ya tatu, akakanyaga. Turbo ikaanza kupiga mluzi, gari likajikusanya kama linataka kuruka, na hapo hapo kitu kikagonga chini yake, ko! Huenda lilikuwa jiwe tu. Moyo wa Sixten ukamruka. Aliona pistoni zimevunjika vipande vipande, aliona sura ya baba yake, akatoa mguu kwenye mafuta kama aliyekanyaga kaa la moto. Akageuza kwenye kituo cha basi, akarudi nyumbani taratibu mno, hata mwenye trekta lililobeba majani akampita, na kwa adabu akampungia mkono.

Nitakipanda kesho, akajiambia. Lakini kesho yake alipofungua boneti na kuiona injini ilivyo safi, kila nati inameta, roho haikukubali. Badala ya kwenda kilimani, akalala chini ya gari, akaimwaga ile oili ya Birger na kutia ya kifahari, ile ambayo wauzaji huiweka kwenye rafu ya juu. Akaona ameifanyia injini wema. Kuanzia hapo kila jioni akawa analiwasha gari uani, anakaa kwenye kiti cha kukunja na kikombe cha kahawa, anaisikiliza. Siku za mapumziko alilitembeza barabara ya kando ya mto, ambako hakuna mwinuko wowote, mguu ukiigusa pedeli kama unaomba ruhusa.

"Hilo gari ni la kuendeshwa au la kuimbiwa?" Maj-Lis, mkewe, akamwuliza kutoka dirishani.

"Nalizoesha."

"Birger si alisema ulipandishe kilima?"

"Nitalipandisha."

"Haya. Bado kulinyonyesha tu."

Birger akapiga simu. Sauti yake tangu augue ilikuwa nzito kidogo, maneno yakitoka kama yanavutwa kwa kamba.

"Ulipanda?"

Sixten alikuwa amesimama jikoni, kitambaa cha kufutia sahani begani. Angeweza kusema bado. Neno moja tu, bado. Lakini alimsikia mwenzake upande wa pili jinsi alivyoishika pumzi, akamwonea huruma, na yeye akikuonea huruma ndipo anapokuharibia. Akavuta pumzi ndani.

"Ikavuta?"

"Ilivuta balaa," akasema Sixten.

"Moshi?"

"Hakuna hata chembe."

Kisha Birger akasema polepole, "Basi mikono yangu bado ipo." Na Sixten akasikia kabisa kwamba rafiki yake analia. Tangu dakika ile hakuwa na njia ya kurudi. Kila alipofikiria kusema kweli aliyakumbuka yale machozi, akajipa moyo kwamba injini ni chuma, itajirekebisha yenyewe.

Jumamosi ya kutegesha magari, yaani kurekebisha injini zitoe nguvu zake zote, ikafika. Chama kilikuwa na ukumbi wake katika jengo la zamani la zimamoto, na ndani ya ukumbi kulikuwa na mashine ya mapipa, ambapo gari hufungwa kwa mikanda na magurudumu huzunguka juu ya mapipa bila kwenda popote, nguvu zake zikipimwa. Fundi wa kutegesha alikuwa Kennet Burström, mtu mnene mwenye kompyuta na ulimi, na vyote viwili alivitumia kila saa.

"Ohoo, Birger! Tulidhani umeamua kufuma sweta siku hizi," Kennet akamlaki.

"Nilijaribu. Sikupata kipimo cha tumbo lako."

Watu wakaangua kicheko, kahawa ikamiminwa, na Birger akawa Birger wa zamani. Alikuwa amevaa shati jipya. Sixten aliliona shati lile, lina hata mikunjo ya dukani, akageuza macho.

Kennet akalifunga gari, akaingia, akaongeza presha ya turbo kidogo, akakanyaga. Mluzi ukapanda, sindano ikapanda, watu wakainua shingo. Halafu moshi ukatoka. Haukuwa moshi wa kukohoa mara moja ukapita. Ulikuwa wa buluu, mzito, ukajaza ukumbi mpaka wakafungua milango yote miwili, na mpira wa kupumulia injini ukaanza kutema oili sakafuni. Kennet akazima. Akashuka, akatoa plagi moja moja, zote zimelowa. Akapima mgandamizo wa silinda, upepo ulikuwa unavujia chini kwenye ringi kama kwenye ungo.

Hakutania tena, na hilo ndilo lililotisha. "Ringi hazijakaa," akasema. "Hazijakaa hata kidogo." Akamgeukia Sixten. "Uliizoesha vizuri? Kwa mzigo? Kilimani?"

Ukumbi mzima ulimtazama. Birger naye alimtazama, na katika macho yake kulikuwa na kitu kama ombi. Angesema hapo, aibu ingekuwa yake peke yake, ya siku moja, wangemcheka mpaka Krismasi na ingeisha. Mwili wote ulimwamuru aseme. Akavuta pumzi ndani, ule mlio mdogo ukasikika ukumbini kote.

"Ameizoesha," Birger akasema haraka, kana kwamba ni Sixten anayehitaji kutetewa. "Nilimwuliza mimi mwenyewe. Msimsumbue. Kosa ni langu." Akautoa mkono wa kushoto mfukoni, akaunyosha mbele ya watu wote utetemeke utakavyo. "Nimesugua kwa jiwe laini mno, nadhani. Sikuona vizuri. Na mkono, kama mnavyouona, huu hapa."

Mtu mmoja akasema inaelekea mvua itanyesha. Wengine wakakubali kwamba itanyesha.

Siku mbili baadaye wakaifumua injini gerejini kwa Birger, wao wawili. Walipoinua kichwa cha injini, kuta za silinda zilikuwa zinang'aa kama kioo, vile vile kama Birger alivyoonya, hakuna mkwaruzo hata mmoja. Birger akapitisha ukucha juu yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Sixten alijua yeye mwenyewe anaangalia nini. Aliangalia kazi ya oili ya kifahari na ya kiti cha kukunja na ya barabara ya kando ya mto. Lakini Birger alichoona kilikuwa kingine.

"Hata sikuikwaruza," akanong'ona. "Nilidhani nimeikwaruza. Naikumbuka kabisa ile mistari ilivyopishana, naiona hivi hivi. Kumbe sikufanya. Sasa kichwa nacho kinanidanganya, Sixten."

Yaani alikuwa amefikia mahali pa kutoyaamini hata macho yake, na Sixten alisimama pale na taa mkononi, akasema tu, "Mambo hutokea." Mambo hutokea! Mtu mzima, mwenye mvi, ndicho alichokipata cha kusema.

Katika chama kile kuna desturi. Mwenye kuboronga kazi huwaletea wenzake keki, awe amepasua kioo au amesahau kufunga nati. Kwa kawaida ni jambo la kucheka. Jumamosi iliyofuata Birger alikuja na keki kubwa ya krimu iliyofunikwa ganda la kijani, aina ambayo watu huinunua kwa harusi. Kennet alijaribu kumzuia. "Acha bwana, safari hii haina haja." Lakini Birger alishika desturi. Akaikata mwenyewe, na kwa kuwa mkono ulimsumbua, vipande vikatoka vimepinda, na kila mtu akasema ni vizuri sana hivyo hivyo.

Kipande cha kwanza akampa Sixten. "Wewe ndiye uliyeumia," akasema. "Gari la baba yako. Nisamehe, ndugu yangu."

Na Sixten akakipokea. Akala. Krimu ilimjaa kinywani ikakataa kushuka, ikabidi aisukume kwa kahawa, na huku watu wakimpigapiga begani kwa jinsi alivyoyachukua mambo kwa uungwana. Mmoja hata akasema si wengi ambao wangemsamehe fundi namna ile. Alitamani sakafu ipasuke immeze, lakini sakafu ya zimamoto ni zege tupu. Akamaliza kipande chote. Birger akamwongezea.

Wakati wa kuondoka, Birger akawatangazia kwamba anauza mashine yake ya kusugulia silinda, ile anayozikwaruzia kuta zake, na vifaa vyake vyote. Kennet ameshakubali kuvichukua, atakuja siku ya Alhamisi. "Gereji nitaweka baiskeli," akasema, na akacheka peke yake.

Nyumbani Sixten hakula chakula cha jioni. Maj-Lis akamwuliza kulikoni, naye, kwa kuwa hakuweza tena kuvumilia, akamsimulia kuhusu keki.

Maj-Lis akaacha alichokuwa akikifanya. "Ngoja. Birger amenunua keki?"

"Ndiyo."

"Kwa kosa lako? La kukaa hapo nje unalinywesha gari kahawa? Nawe ukala?"

"Vipande viwili."

"Mungu wangu, Sixten." Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Nimeishi na wewe miaka yote nikidhani u mpole. Kumbe u mwoga tu. Nenda ukamwambie."

"Nitaenda kabla ya Alhamisi."

"Kama ulivyokwenda kilimani?"

Hata hivyo ilimchukua mpaka Alhamisi yenyewe, asubuhi, kujikaza na kutoka. Alikwenda kwa miguu. Alimkuta Birger amekaa kwenye kibao, anafuta vifaa kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mafuta na kuvilaza ndani ya sanduku. Mashine ya kusugulia haikuwepo. Mahali pake sakafuni palikuwa na mraba wa zege jeupe.

"Kennet alidamka," Birger akasema. "Vingine atavifuata baadaye. Kaa, kahawa ipo kwenye chupa."

"Sikai. Birger, nimekuja kukwambia jambo. Sikupanda Tallberget."

Birger akaendelea kufuta.

"Nilifika chini yake nikaogopa. Nikarudi. Na oili yako niliimwaga siku ya pili, nikatia ile ya ghali. Nililiacha linaunguruma uani kila siku. Ulipopiga simu nilikudanganya, na pale ukumbini nikakudanganya tena mbele ya watu. Silinda uliikwaruza sawasawa. Mikwaruzo uliyoikumbuka ilikuwepo. Ni mimi niliyeifuta. Mikono yako haina kasoro yoyote, kasoro ni mimi."

Alikuwa ametoa yote kwa mkupuo. Akangoja. Alitaka kutukanwa. Alikuwa tayari kwa kofi hata.

Birger akainua uso. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anatabasamu.

"Unakumbuka nilipokuwa hospitali?" akauliza. "Ulikuja kila siku. Uliniambia naongea vizuri kabisa, kila neno linasikika. Baadaye mke wangu akanieleza kwamba hakuna aliyekuwa anaelewa hata neno moja, nilikuwa nabwabwaja kama mtoto. Lakini wewe ulikuwa unaitikia, unaitikia, 'ndiyo Birger, sawa Birger.' Wewe ndivyo ulivyo."

"Hapana. Safari hii ni kweli."

"Najua."

"Hujui! Ni kweli, Birger. Naapa kwa kaburi la baba yangu!"

"Usimwingize mzee wa watu," Birger akasema kwa upole. "Sikiliza. Mtu gani angekiri aibu kama hiyo kama si kwa ajili ya rafiki yake? Ungelikuwa umefanya hivyo kweli, ungelisema pale ukumbini. Wewe usingeniacha nisimame vile mbele ya watu. Nakujua."

Sixten alikuwa na jibu, lakini lilikuwa hilo hilo, kwamba alimwacha asimame vile mbele ya watu.

"Mwulize Maj-Lis," hatimaye akasema.

"Maj-Lis naye ni mke mwema. Mmepanga wote wawili."

"Basi isugue tena. Sasa hivi. Tutie ringi mpya, nipande kilima nawe ukiwa kando yangu, utaona!"

Birger akautazama ule mraba mweupe sakafuni. "Nisugue kwa nini? Kennet atakusugulia. Nimeshamwambia ataanza na injini yako. Ikizoeshwa safari hii itatulia, utaona mwenyewe. Yule bado kijana, ana macho."

Ndipo Sixten alipoelewa. Kennet ataikwaruza, yeye ataipandisha Tallberget kama alivyotakiwa toka mwanzo, ringi zitakaa, turbo itapiga mluzi bila tone la moshi, na ukumbi mzima utasema, mnaona, ilikuwa mikono ya Birger? Na Birger atakuwa wa kwanza kusema.

Birger akainuka, akamkumbatia kwa mkono wake mmoja ulio mzima. Kule wanaume hawakumbatiani ovyo. Alinuka oili na sabuni. "Sitalisahau hili," akamwambia sikioni.

Sixten alirudi kwa njia ndefu. Maj-Lis alikuwa mlangoni, amevaa koti, kama aliyejiandaa kumfuata.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

"Yote?"

"Yote."

"Akasemaje?"

Sixten akavua kiatu kimoja, akabaki amekishika mkononi.

"Alinishukuru," akasema.